Ski kwenye milima ya Alps: maswali yanayoulizwa kila msimu

Kila ikifika Novemba maswali ya kwenda Alps, ile milima ya Ulaya, kuteleza kwenye theluji kwa ski (zile mbao ndefu za miguuni) yanaanza, wa Dubai anauliza, wa Munich anauliza, wa Dar aliyealikwa na shemeji yake aliyeko Geneva naye anauliza, na mengi ni yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Kama jibu lipo kwenye swali lingine nitakutuma huko, sitarudia.

## Kwa anayeanza kabisa

Sijawahi hata kukanyaga theluji. Naweza kwenda hivyohivyo?

Unaweza. Ila ujue siku ya kwanza huteleziki popote, unajifunza kutembea na mabuti mazito, kuanguka, na kuamka huku ski zimejipachika kinyumenyume, siku ya pili mwili unauma mpaka sehemu ambazo hukujua zina misuli, alafu ya tatu ndo mambo yanaanza kuingia. Kwa hiyo ukienda wikendi moja tu utarudi na maumivu bila utamu wenyewe. Jipe siku tano au sita.

Na chukua mwalimu. Usikubali kufundishwa na mume wala shemeji hata kama anajua kiasi gani, atakuvumilia nusu saa kisha atakupandisha juu eti utajifunzia njiani, na hapo ndo watu wananuniana mpaka Pasaka. Ufaransa shule kubwa ni ESF, wale wa jaketi nyekundu, ipo tangu 1945 na utaikuta karibu kila mji wa ski. Darasa la kundi la asubuhi linatosha, mchana unarudia mwenyewe. Kitu cha kwanza ni breki: ncha za mbele za ski unazikaribianisha, nyuma unazitanua, unakandamiza kwa upande wa ndani wa miguu. Watoto wanafundishwa kuiita pitsa na watu wazima nao wanaiita hivyohivyo.

Rangi za miteremko maana yake nini?

Ufaransa zipo nne: kijani, buluu, nyekundu, nyeusi. Austria, Uswisi na Italia kijani kwa kawaida hakuna, wanaanzia buluu. Ukitoka Marekani umezoea duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi, huku hizo alama zisahau.

Rangi inapima zaidi ukali wa mteremko. Kwa kanuni za Austria buluu haitakiwi kuzidi asilimia 25 na nyekundu asilimia 40, ukiacha vipande vifupi. Ila rangi haikwambii theluji ya leo ikoje. Nyekundu pana iliyolainishwa na mashine usiku, ukiiwahi saa tatu asubuhi, ni rahisi kuliko buluu nyembamba ya saa kumi jioni iliyojaa vichuguu, barafu na watu waliochoka wote wanaelekea kijijini kwa wakati mmoja. Na miji haifanani, Val d'Isère ya Ufaransa kwa mfano inajulikana kabisa kwamba baadhi ya kijani na buluu zake ni ngumu kuliko rangi zinavyodai.

Niende mwezi gani?

Msimu ni Desemba mpaka Aprili. Krismasi na mwaka mpya bei mbaya, siku fupi, na miji ya chini theluji inaweza isiwepo ya kutosha. Januari baada ya wiki ya kwanza ni rahisi kidogo na foleni hamna, ila baridi ni baridi kweli. Februari ni likizo za shule, Ufaransa wanazigawa kwa kanda kwa hiyo zinachukua karibu mwezi mzima, kama huna mtoto wa shule ikimbie.

Mimi nasema Machi. Theluji juu bado nene, jua lipo, na lifti nyingi (viti na vibanda vya kebo vinavyokupandisha mlimani) zinachelewa kufungwa kidogo. Pasaka ikiangukia Aprili nenda mji wa juu tu. Kuna wanaouliza kiangazi: Zermatt (Uswisi) na Hintertux (Austria) wanateleza mwaka mzima kwenye barafu za kudumu, ila hiyo ni ya wenye uzoefu.

## Kuchagua mji

Nimeona eneo lina kilomita 600 za miteremko. Ndo zuri kuliko la kilomita 60?

Hapa ndo hela za watu zinapotea. Les 3 Vallées ya Ufaransa (Courchevel, Méribel, Val Thorens na wenzao) ina kilomita 600. Dolomiti Superski ya Italia ni pasi (tiketi ya lifti) moja ya maeneo 12 yenye kilomita 1,200. Namba tamu, lakini anayeanza wiki nzima atazunguka kwenye kilomita tatu zilezile, na anayejua kiasi atamaliza labda robo. Unalipia kilomita ambazo hutaziona.

Chagua kwa kumwangalia anayejua kidogo kuliko wote kwenye msafara wenu. Uliza: sehemu ya kujifunzia iko wapi, iko juu kwenye theluji ya uhakika na jua, au iko chini kwenye matope nyuma ya maegesho ya magari? Kuna buluu ndefu ya kumpeleka siku ya nne? Na jioni atarudi kijijini vipi, kwa buluu, kwa lifti, au atalazimika kushuka nyeusi akilia? Miji kibao maarufu inafeli hilo swali la mwisho. Mtaalamu wenu atajipatia raha popote, yule mgeni akikwama mnakwama wote.

Urefu wa mji kutoka usawa wa bahari una umuhimu gani?

Mkubwa, na kila mwaka unaongezeka kwa sababu majira ya baridi yanapungua ukali. Val Thorens iko mita 2,300, ndo mji wa ski wa juu kuliko yote Ulaya, theluji huko haina wasiwasi. Kitzbühel, Austria, kijiji kiko chini ya mita 800, kizuri mno, cha kihistoria, ila mwaka mbaya unakuta majani pembeni na utepe mweupe katikati. Mashine za kutengeneza theluji zipo lakini nazo zinataka baridi, joto likipanda hazifanyi kitu. Ukikata tiketi miezi kabla, lala mita 1,800 kwenda juu.

Kuhusu kichwa kuuma: mtu wa Iten kule Kenya anaishi mita 2,400 hivi kwa hiyo Val Thorens kwake ni kushuka. Sisi wa pwani ndo tunahema. Kilele cha lifti ya Aiguille du Midi pale Chamonix, Ufaransa, ni mita 3,842, juu kidogo ya kambi ya Horombo ya Kilimanjaro, tofauti ni kwamba Horombo unaifikia kwa siku mbili na hii unaifikia kwa dakika 20. Tembea polepole ukifika, kunywa maji.

Ufaransa, Austria, Uswisi au Italia?

Ufaransa: maeneo makubwa na ya juu, unatoka mlangoni umeshavaa ski, ila miji mingi ni magorofa ya zege ya miaka ya 60 na 70, usitegemee kijiji cha kadi ya Krismasi. Austria: vijiji vya kweli, wenyeji wakarimu, lifti nyingine viti vinapashwa moto, na kelele za muziki kuanzia saa tisa mchana hasa St. Anton na Ischgl. Uswisi: mandhari na treni, na bei za kukufanya uhesabu chenji mara mbili. Italia: jua, chakula, na mtu hakukimbizi mezani. Mimi ni wa Italia, sijifichi.

Familia yenye watoto na mama asiyetaka purukushani, wapi?

Alpe di Siusi, Italia. Uwanda mpana wa juu, miteremko ya taratibu kila upande, na hata asiyeteleza anapata njia za kutembea. Ukitaka Ufaransa, Alpe d'Huez ina uwanja mpana sana wa wanaoanza juu tu ya mji, au Avoriaz ambako magari hayaingii, unachukuliwa kwa farasi au gari la theluji mpaka mlangoni.

Zermatt au Chamonix?

Kwa anayeanza, Chamonix hapana. Maeneo yake yametawanyika bondeni, mnapanda basi kila asubuhi, na utamu wake ni wa wataalamu. Zermatt nayo ni ghali lakini ina njia ndefu za kila kiwango na mlima Matterhorn unakutazama siku nzima. Magari ya mafuta marufuku, unaacha gari Täsch unaingia kwa treni.

## Miteremko yenyewe

Mteremko upi ni mzuri kuliko yote?

Kila mtu ana wake. Nikilazimishwa nitataja Lagazuoi, kule kwenye milima ya Dolomiti ya Italia. Unapanda kwa kebo kutoka Passo Falzarego hadi mita 2,752, ukitoka nje ni miamba tupu, ya rangi ya machungwa jua likiipiga. Alafu unashuka nyekundu ya kilomita nane na ushee kwenye bonde ambalo halina lifti hata moja, hamna nguzo wala nyaya, kuta za mawe pande zote na maporomoko ya maji yaliyoganda yakawa buluu. Njiani kuna kibanda cha chakula. Ukifika chini bonde linakuwa tambarare huwezi kuteleza tena, na hapo wanakusubiri farasi wawili wamefungwa kamba ndefu nyuma yao: unashika kamba, watu ishirini au zaidi mmejipanga, farasi wanaondoka na nyie mnavutwa. Unalipa euro chache. Aliye mbele yako akianguka ndo utajua wepesi wako wa kukwepa ukoje.

Nyingine za kutafuta: La Bellunese kutoka Marmolada, mita 3,265, kilomita 12 hivi, nyekundu. Sarenne ya Alpe d'Huez, kilomita 16 kutoka Pic Blanc mita 3,330, inaandikwa nyeusi ila ugumu uko juu tu, huko chini ni kama kutembea. Na Ventina kutoka Plateau Rosa kushukia Cervinia, ndefu, pana, kwa mtu wa nyekundu aliyepata kujiamini juzijuzi hakuna zawadi kubwa zaidi.

Sellaronda ni nini?

Ni mzunguko wa kuuzunguka mlima Sella kwa ski na lifti, mnapita njia nne za milimani (Gardena, Sella, Pordoi, Campolongo), jumla kilomita 40 na kati ya hizo 26 ni za kuteleza. Alama za machungwa ni mwelekeo wa saa, za kijani ni kinyume. Anayeshuka buluu vizuri na nyekundu bila kulia anaweza. Anza kabla ya saa nne asubuhi, na saa tisa na nusu uwe umeshavuka njia ya mwisho. Ukichelewa soma swali la mwisho kabisa.

Naweza kushuka zile njia za mashindano ninazoziona kwenye tivii?

Nyingine ndiyo. Lauberhorn ya Wengen, Uswisi, ndo ndefu kuliko zote kwenye Kombe la Dunia, karibu kilomita nne na nusu, na ukiipita siku za kawaida sehemu kubwa ni nyekundu tu, mabingwa wanaimaliza kwa dakika mbili na nusu hivi, wewe jipe nusu saa na picha. Streif ya Kitzbühel ni habari nyingine, mahali pakali panafika asilimia 85, wakishamaliza mashindano ya Januari baadhi ya vipande vinafunguliwa kwa watu wote na kuna njia ya familia inayokwepa sehemu mbaya. Chukua hiyo ya familia.

Rafiki zangu wanataka kutoka nje ya njia. Niwafuate?

Kama unauliza, usiwafuate. Nje ya njia zilizowekwa alama hakuna anayekagua maporomoko ya theluji. Kila asubuhi inatolewa taarifa ya hatari kuanzia 1 hadi 5, na watu wanaona 3 wanadhani ni katikati yaani salama, wakati vifo vingi vinatokea siku za 3. Mnatakiwa kila mmoja awe na kifaa cha kutuma na kupokea mawimbi, koleo na fito refu la kutoboa theluji kumtafuta aliyefukiwa, na mjue kuvitumia, maana aliyefukiwa uwezekano wake wa kupona unaporomoka baada ya kama dakika kumi tu. Vallée Blanche ya Chamonix, kilomita 20 hivi kwenye barafu yenye nyufa, ni ya kwenda na kiongozi mwenye leseni, full stop.

## Vifaa, hela, makaratasi

Ninunue vifaa au nikodi?

Kodi. Nunua glavu, soksi na nguo za ndani tu, jaketi na suruali azima. Jinzi na pamba acha hotelini, zikilowa zinaganda.

Cha kuangalia dukani ni mabuti. Vaa soksi moja nyembamba ndefu, sio mbili, ya pili inaleta malengelenge. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo, ukikunja magoti virudi nyuma. Kisigino kikiinuka rudisha buti, hata kama jamaa anakwambia "litazoea". Watakuuliza uzito, urefu, umri na kiwango: taja uzito wa kweli, kwa sababu ndo wanaotumia kuweka ile kufuli inayoachia ski ukianguka. Ukijipunguzia kilo itakuvuka ovyo, ukijiongezea itakataa kuachia na goti ndo litalipa.

Bei zikoje?

Pasi ya siku kwenye maeneo makubwa sasa imepita euro 70, Zermatt inapanda zaidi ya hapo. Maeneo madogo unapata kwa nusu. Kwa siku mbili tatu za mwanzo uliza pasi ya lifti za wanaoanza, sehemu nyingi ni bei ndogo na kuna ambako ni bure. Nunua mtandaoni mapema.

Viza na bima?

Kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo na jirani zetu ni viza ya Schengen, euro 90 kwa mtu mzima. Uswisi haimo Umoja wa Ulaya ila imo Schengen, kwa hiyo viza ni hiyohiyo. Omba kwa nchi utakayolala siku nyingi, unaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla na isiwe chini ya siku 15.

Bima ya viza lazima ifike euro 30,000, lakini soma ndani: bima nyingi za safari za bei poa hazijumuishi michezo ya theluji. Kushushwa na machela ya theluji Ufaransa unalipishwa, helikopta usiseme. Ufaransa unaweza kuongeza bima ya Carré Neige unaponunua pasi, euro tatu na kitu kwa siku. Italia bima ya kumuumiza mwingine ni lazima tangu 2022, na kuanzia msimu wa 2025/26 helmeti nayo ni lazima kwa watu wa umri wote. Dharura popote piga 112.

## Maswali ya pembeni

Nimesuka, helmeti itaingia?

Suka twende kilioni au rasta nyembamba uzifunge chini shingoni. Mafundo ya juu ya kichwa hayaingii, na helmeti kubwa kupita kichwa haikulindi. Beba mtandio wa satini uvae ndani, nywele zitakushukuru.

Navaa hijabu.

Haina shida. Vaa ile ya michezo inayobana, chini ya helmeti, ncha zote ziingie ndani ya jaketi. Kitu chochote kinachoning'inia, iwe shela au mikanda ya begi, kinaweza kunasa kwenye lifti ya viti wakati wa kushuka.

Chakula cha halali?

Miji mikubwa unapata, mlimani kazi ipo. Austria nyama ya nguruwe inaingia hata kwenye supu, uliza. Fondue ya jibini inapikwa na divai nyeupe na mara nyingi kirsch (pombe kali ya cheri), wengi hawajui hilo. Raclette ni jibini ya kuyeyusha na viazi, ila sahani huja na nyama za kukausha, waambie wasiweke. Kaiserschmarrn, chapati nene ya mayai iliyochanwachanwa, tamu sana lakini zabibu zake huwa zinalowekwa kwenye ramu, omba bila zabibu. Käsespätzle, tambi za jibini na vitunguu, ndo mkombozi.

Weusi tunaungua jua?

Tunaungua. Theluji inarudisha mpaka asilimia 80 ya miale na kila mita 1,000 miale inaongezeka kama asilimia 10. Paka usoni, chini ya kidevu, na midomo. Miwani lazima hata kukiwa na mawingu.

Ile ya Dubai inatosha kujifunzia?

Ski Dubai ipo tangu 2005, mteremko mrefu ni mita 400. Kwa kujifunza breki na kupanda lifti inafaa sana, utaokoa siku mbili za Alps. Haikufundishi upepo, ukungu wala theluji inayobadilika.

Kuna mtu wa kwetu amewahi kushindana?

Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye ski za kushuka Olimpiki ya PyeongChang 2018. Kabla yake Philip Boit alishiriki Olimpiki ya Nagano 1998, ila ile ni ski ya mbio za tambarare.

Na Kilimanjaro je?

Lifti hakuna, na barafu inazidi kupungua. Mwaka 1912 wapanda mlima wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, waliteremka kipande cha Kibo kwa ski. Ukitaka ski ya Afrika nenda Lesotho, Afriski, Juni mpaka Agosti, mteremko mkuu ni kilomita moja.

Nimevukia nchi nyingine na lifti zimefungwa, nifanyeje?

Inatokea kila wiki Zermatt na Cervinia, unashukia Italia kula tambi, upepo unaanza, lifti za juu zinasimama. Kurudi Zermatt kwa barabara ni zaidi ya saa tatu na teksi itakula hela ya siku kadhaa za hoteli. Ukienda ng'ambo angalia ubao wa lifti kabla hujashuka na muulize mhudumu upepo unatabiriwaje mchana, hawa watu wanajua. Beba kitambulisho, kadi ya benki na chaja. Ikishatokea, nenda ofisi ya lifti kwanza, wakati mwingine wanapanga basi, na ukikosa tafuta kitanda mapema kwa sababu wenzako nao wanatafuta.